KUPE, KUNGUNI NA PAPASI: MAJINA YA WANYONYA-DAMU WA VIOTA VYA NDEGE

Mbele ya pwani ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, katika maji ya magharibi ya Ziwa Viktoria, kipo kisiwa cha Bumbire pamoja na visiwa vidogo vilivyo jirani yake. Wasomaji wa historia hukikumbuka kisiwa hiki kwa mapigano ya mwaka 1875 baina ya wenyeji wake na msafara wa Henry Morton Stanley. Wataalamu wa ndege hukitaja kwa sababu nyingine: visiwa vya Bumbire vimo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yaliyo muhimu kwa ndege. Ndege wa majini wa ziwa hili, kama mnandi na yangeyange, aghalabu hawajengi viota vyao peke yao kama afanyavyo chozi au tai. Hutafuta miti au majabali yaliyozungukwa na maji, mahali ambapo wanyama wala-mayai hawafiki kwa urahisi, wakajenga hapo viota makumi kwa mamia, kimoja karibu na chenzake, hata matawi yakawa meupe kwa vinyesi vyao.

Ujirani wa namna hiyo una faida zake. Macho mengi humwona adui mapema, na ndege arudiye na shibe huwaonyesha wenziwe upande ulio na samaki. Lakini ujirani huo una gharama yake pia. Palipo na makinda mengi yasiyoweza kuruka, mahali pamoja, kwa muda ujulikanao, na mwaka baada ya mwaka, hapo wanyonya-damu hupata karamu isiyo na mwisho. Elimu ya viumbe imeuchunguza sana uhusiano huu kwa muda wa miaka 60 iliyopita. Makala haya yanauangalia kwa upande wa lugha, kwa kuwa mtu atakaye kuueleza kwa Kiswahili hukutana na mashaka tangu sentensi ya kwanza: wanyonya-damu hao waitweje, na majina tuliyo nayo yanawagawa kwa kipimo gani?

Hoja itakayotetewa ni hii. Majina ya Kiswahili ya wanyonya-damu hayakuwekwa kwa kuhesabu miguu. Yaliwekwa, kwa sehemu kubwa, kwa kuangalia mahali mdudu alalapo na namna anavyomfikia anayemnyonya. Kipimo hicho aghalabu huhesabiwa kuwa ni upungufu wa lugha ya watu wasiosoma sayansi. Kumbe katika jambo la ndege wa viota vya pamoja, hicho ndicho kipimo ambacho sayansi yenyewe imekihitaji kuliko vyote, na mtunga istilahi akikitupa atakuwa ametupa chombo kizuri.

I. Jina la makao yenyewe

Kabla ya kuwafikia wadudu, hapana budi kulitaja jina la mahali wanapoishi. Vitabu kadhaa hutumia neno koloni. Neno hili limo katika Kiswahili, lakini msomaji alisikiapo hukumbuka kwanza nchi iliyotawaliwa na wageni, na maana hiyo ina nguvu mno kuweza kusahauliwa kwa ajili ya ndege. Neno kundi halitoshi, kwa sababu kundi huenda: kundi la ng'ombe, kundi la kweleakwelea angani. Ndege hao hao wanaoruka kundi moja wanaweza kujenga mbalimbali, na wale wanaojenga pamoja wanaweza kwenda kuwinda kila mmoja njia yake.

Neno kijiji lina sifa tatu zinazotakiwa: nyumba zilizo karibu, wakazi wanaojuana kwa ujirani, na mahali panapobaki hata wakazi wakiondoka kwa muda. Kwa hiyo makala haya yatatumia kijiji cha viota. Sifa ya tatu ndiyo iliyo kubwa, kama itakavyoonekana, maana wako wadudu ambao ni wakazi wa kijiji kuliko ndege wenyewe.

II. Majina sita na kipimo chake

Kiswahili kina majina sita ya kawaida ya wanyonya-damu wadogo wasioruka kwa mabawa: chawa, kupe, kiroboto, kunguni, papasi na utitiri. Yote sita hukusanywa chini ya neno mdudu. Neno hilo ni pana sana. Humwingiza siafu, humwingiza buibui, humwingiza funza, na kwa umbo la udogo, vijidudu, huwaingiza hata wale wasioonekana kwa macho, waletao maradhi. Waalimu wa sayansi wamejitahidi kulibana neno mdudu limaanishe kiumbe chenye miguu sita tu. Kwa kipimo hicho chawa, kiroboto na kunguni ni wadudu. Kupe na papasi, wenye miguu minane, si wadudu, bali ni jamaa za buibui na nge. Utitiri unabaki katikati, kwa sababu watu hulitumia neno hilo kwa chawa wadogo wa kuku na pia kwa viumbe wadogo zaidi wa miguu minane.

Hesabu ya miguu ni ya kweli na ina kazi yake. Lakini tazama jinsi msemaji wa kawaida anavyoyatumia majina hayo. Chawa yumo nyweleni na nguoni. Haondoki kwa mtu ila kwenda kwa mtu mwingine. Kupe yumo mwilini mwa ng'ombe au mbwa, ameng'ang'ania, na mwenye kumtafuta humpapasa mnyama. Kunguni yumo kitandani na katika nyufa za ukuta. Mwenye kumtafuta hutoa godoro nje na kumwaga maji ya moto katika mbao. Papasi yumo katika sakafu ya udongo na chini ya mkeka. Hutoka usiku, hunyonya, kisha hurudi mafichoni. Kiroboto yuko kati na kati: humrukia mnyama, na huzaliana katika takataka za malazi. Utitiri ni wa bandani.

Kupe na papasi ni ndugu kwa damu: wote wana miguu minane, na vitabu vya sayansi huwaweka katika oda moja. Kunguni na chawa wana miguu sita kila mmoja. Hata hivyo lugha imemtenga papasi na kupe, ikampa papasi tabia na mashaka ya kunguni. Mtu aliyeingia nyumba ya mgeni akaumwa usiku hataji kupe. Ataja kunguni au papasi. Nao msemo, kikulacho ki nguoni mwako, umejengwa juu ya kipimo hicho hicho cha mahali: mlaji hujulikana kwa alipo.

Maana za kisiasa zilizozaliwa na majina haya hushuhudia vivyo hivyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, maandishi ya Tanzania yalimwita mnyonyaji kupe, yaani mtu anayeishi juu ya jasho la mwingine bila kumwachia. Katika miaka ya 2020, vijana na magazeti wamezoea kumwita chawa yule anayemwandama mkubwa kwa sifa ili apate riziki. Majina yote mawili yametwaliwa kwa wadudu wanaokaa mwilini, maana picha inayotakiwa ni ya mtu asiyebanduka kwa mwenyeji wake.

Sarufi nayo ina la kusema. Chawa, kupe, kunguni na papasi huchukua upatanisho wa viumbe hai: kupe huyu, kunguni wale. Kiroboto kina umbo la ki- na vi-, lakini husemwa kiroboto yule, viroboto wale. Utitiri peke yake hubaki katika ngeli ya u-: utitiri umeingia bandani. Msemaji haoni mmoja mmoja. Aona wingi unaotambaa. Ndiyo maana magazeti husema utitiri wa kodi au utitiri wa vyama, wala hakuna anayefikiri juu ya kuku. Neno hili, basi, limetaja wingi na mahali, likaacha kabisa umbo la kiumbe.

III. Papasi: jina lililotangulia maabara

Yawezekana kuuliza kama mgawanyo huu wa mahali una faida yoyote nje ya nyumba. Historia ya homa ya papasi yatoa jibu. Mwaka 1904, Ross na Milne huko Uganda walionyesha ya kuwa homa inayokuja na kurudi husababishwa na vijidudu vinavyopitishwa na papasi, ambaye jina lake la kisayansi ni Ornithodoros moubata. Wakati huo huo Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd walikuwa wakilichunguza jambo hilo hilo katika Kongo ya mashariki. Wote wawili waliugua homa hiyo, na Dutton akafa huko mwaka 1905. Mwaka huo huo Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, aliviona vijidudu hivyo hata katika mayai ya papasi, yaani mama huwarithisha watoto wake.

Jina la papasi lilikuwa limekwisha kumweka kiumbe huyu mahali pake kabla ya darubini. Alikuwa mdudu wa sakafu na wa nyumba ya kulala wageni. Kinga iliyofuata ugunduzi ilikuwa ya nyumba pia: sakafu ngumu, kuziba nyufa, kitanda kilichoinuliwa, kuepuka kulala mahali ambapo wasafiri wamelala mfululizo. Mtu aliyemtafsiri papasi kwa neno la jumla la kupe, kwa kuwa miguu ni minane, alikuwa na haki kwa upande wa nasaba. Lakini alimwelekeza msomaji wake kwenye mwili, ambako papasi hukaa kwa dakika chache tu.

IV. Wakazi wa mwili na wakazi wa kijiji

Sasa turudi kwenye ndege. Wanaowachunguza wanyonya-damu wa vijiji vya viota hukuta mafungu mawili. Fungu la kwanza husafiri na ndege. Fungu la pili hukaa katika kiota, katika ganda la mti au katika ufa wa jabali, na ndege ni mgeni wao wa usiku.

Katika fungu la kwanza wamo chawa wa ndege. Wengi wao hula manyoya na ngozi iliyokufa, lakini wako wanywao damu pia. Mfano wa ajabu ni chawa wa jenasi Piagetiella, ambao huishi ndani ya mfuko wa koo la mwari na baadhi ya minandi, wakanyonya humo. Wamo vile vile inzi bapa wa jamii ya Hippoboscidae, wanaokimbia kati ya manyoya kama kaa. Inzi hawa hawatagi mayai mengi; jike hukuza buu mmoja tumboni hata akawa tayari kugeuka, ndipo akamzaa. Wenyeji wa Kagera wanaijua tabia hiyo kwa mdudu mwingine, mbung'o, ambaye ni jamaa yao. Ndugu wawili, Edmond na Étienne Sergent, walionyesha huko Aljeria mwaka 1906 ya kuwa inzi bapa wa njiwa, Pseudolynchia canariensis, humwambukiza njiwa kijidudu cha damu kiitwacho Haemoproteus columbae.

Katika fungu la pili wamo jamaa za kunguni. Kunguni wa kitandani, kwa maoni ya wataalamu wengi, alimpata binadamu kutoka kwa popo wa mapangoni, na jamaa zake wangali wakiishi kwa popo na kwa ndege wa viota vya pamoja. Afrika Mashariki inao mfano maarufu: katika mapango ya Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, kunguni aitwaye Afrocimex constrictus hukaa katika nyufa za mwamba karibu na makundi makubwa ya popo walao matunda, akawaendea kunyonya na kurudi. Popo si ndege, lakini kijiji chao kina sheria ile ile.

Uchunguzi uliofafanua gharama ya kijiji zaidi ya wote ulifanywa mbali na hapa, huko Nebraska nchini Marekani. Kuanzia mwaka 1982, Charles Brown na Mary Bomberger Brown waliwaangalia mbayuwayu wajengao viota vya udongo chini ya madaraja na kwenye magenge. Viota hivyo vina kunguni wake, waitwao kwa jina la kisayansi Oeciacus vicarius. Watafiti hao walipuliza dawa katika baadhi ya viota, wakaacha vingine kama vilivyo, kisha wakapima makinda. Katika vijiji vikubwa, makinda ya viota visivyopulizwa yalikuwa mepesi zaidi, na machache zaidi yalipona. Kadiri kijiji kilivyokuwa kikubwa, ndivyo kunguni walivyozidi kwa kila kiota. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986.

Jambo jingine walilolionyesha lina uzito mkubwa kwa hoja ya makala haya. Ndege wakiondoka, kunguni hubaki. Hukaa katika kiota kitupu majira mengi bila chakula wakingoja. Mbayuwayu warudipo hukagua viota vya kale, wakaviepuka vile vilivyojaa wadudu, na vijiji vingine huachwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kukaliwa tena. Mwenye nyumba, kwa lugha ya kawaida, ni kunguni.

Katika bahari ya Hindi yako mambo yanayofanana na hayo. Katika miaka ya 1970, kwenye kisiwa kiitwacho Bird Island huko Shelisheli, Christopher Feare alieleza jinsi sehemu ya kijiji kikubwa cha buabua ilivyohamwa na ndege wake. Mahali hapo palijaa kupe na papasi waliokuwa na virusi viitwavyo Soldado. Buabua hutaga pia katika Fungu Kizimkazi, kisiwa kidogo cha mchanga na mwamba kusini-mashariki ya Zanzibar, na mtafiti atakayekwenda huko atakuwa na swali lile lile la kuuliza: nani husafiri na ndege, na nani hubaki mchangani?

V. Mpaka unaovukwa

Haifai kusema kwamba mpaka kati ya mafungu hayo mawili hauna milango. Mwaka 1964, Kaiser, Hoogstraal na Kohls walimweleza kiumbe aitwaye Argas arboreus, anayeishi katika miti ya viota vya yangeyange huko Misri. Ni wa jamii ya papasi. Atokapo katika yai ana miguu sita tu, hivi kwamba mwanafunzi aliyefundishwa kuhesabu miguu angemwita mdudu bila wasiwasi. Katika hali hiyo hujishikiza mwilini mwa ndege kwa siku kadhaa, kama kupe. Kisha huanguka, hujibua, hupata miguu minane, na tangu hapo huwa papasi kamili: hukaa chini ya ganda la mti, akatoka usiku kunyonya kwa muda mfupi. Kiumbe mmoja amekuwa mdudu kwa miguu na kupe kwa tabia, kisha si mdudu na papasi.

Kiroboto naye huvuka, kwa njia ya kinyume. Buu wake hanyonyi damu ya ndege; hukaa katika takataka za kiota akala mabaki, pamoja na vinyesi vyenye damu vya viroboto wakubwa. Akikomaa humrukia ndege. Wengine, kama Echidnophaga gallinacea wa kuku, hujipachika katika ngozi ya kichwa na kuzunguka macho, na jike akiisha kushika habanduki upesi. Huyo ni kiroboto aliyepata tabia ya kupe.

Mifano hii haivunji kipimo cha mahali. Inakitaka kisemwe kwa ukamilifu zaidi: mahali pa nani, katika umri gani. Hesabu ya miguu nayo hubadilika kwa umri, kama tulivyoona, wala hakuna aliyesema iachwe kwa sababu hiyo. Vipimo viwili vinatakiwa, kimoja cha nasaba na kimoja cha makao, na lugha yenye jina la kila kimoja haitamchanganya msomaji.

VI. Mapendekezo ya istilahi

Yafuatayo yametolewa ili yajadiliwe na wenye kutunga istilahi.

Kwanza, neno mdudu liachwe katika upana wake wa kawaida, na pale ambapo nasaba inahitajiwa isemwe wazi: mdudu wa miguu sita, kiumbe wa miguu minane. Kulibana neno lililozoewa na watu wote ni kazi ngumu, na aghalabu huleta lugha mbili: moja ya mtihani, nyingine ya nyumbani.

Pili, vimelea vya nje vya ndege vigawanywe kwa vifungu viwili vya maneno, -a mwili na -a kiota, vitakavyofuata jina la kawaida. Kwa hiyo: chawa wa mwili; kiroboto wa mwili kwa yule anayejipachika, na kiroboto wa kiota kwa wengine; kunguni wa kiota kwa jamaa wote wa kunguni waishio na ndege; papasi wa kiota kwa Argas na wenzake; kupe wa mwili pale tu ambapo kiumbe hujishikiza kwa siku nyingi. Utitiri ndio utakaonufaika kuliko yote. Yuko wa miguu minane aitwaye Dermanyssus gallinae, ambaye mchana hujificha katika nyufa za banda na usiku huwapanda kuku. Yuko mwingine, Ornithonyssus sylviarum, ambaye huishi katika manyoya muda wote. Leo wote wawili ni utitiri tu. Wakiitwa utitiri wa kiota na utitiri wa mwili, msomaji amekwisha kufundishwa nusu ya tiba.

Tatu, inzi bapa waitwe inzi chawa. Yamkini wako watakaodai ya kuwa jina hilo limeigwa kwa lugha za Ulaya. Lakini Kiswahili kina mtindo wake wa siku nyingi wa kuunganisha majina mawili, la pili likaeleza sura au tabia ya la kwanza: punda milia, bata mzinga, askari kanzu. Askari kanzu hujulikana kwa vazi lake. Inzi chawa atajulikana kwa makao yake. Jina mbung'o wa ndege, ambalo lingefuata nasaba na uzazi, lina hatari ya kuwafanya watu wadhani ya kuwa yeye naye huleta malale.

Nne, kiumbe anayevuka mpaka atajwe kwa tabia yake ya utu uzima, na umri wake ukaongezwa inapobidi: papasi wa kiota, angali buu.

VII. Linalotegemea majina hayo

Mtu anaweza kuona ya kuwa haya ni mambo ya kamusi tu. Basi na achukuliwe mfugaji wa kuku ambaye makinda yake yanakufa kwa kupungukiwa na damu. Ameelezwa ana utitiri. Anawanyunyizia kuku dawa mchana, manyoya yakalowa, akaridhika. Kama ni utitiri wa kiota, adui hakuwamo manyoyani saa hiyo. Alikuwa katika mianzi ya banda, na usiku atarudi. Fedha imetumika, kuku wamelishwa sumu, na jina ndilo lililompeleka mahali pasipo. Mfugaji huyo huyo, akiambiwa ya kuwa kuku wake wana jambo la kunguni, angejua bila mwalimu kwamba banda ndilo la kushughulikiwa.

Achukuliwe tena mtafiti kijana aliyetumwa kwenye visiwa kama vya Bumbire, ameandikiwa kwa Kiswahili: chunguza kupe wa ndege. Atafanya alivyoagizwa. Atamkamata mnandi mchana, atafunua manyoya yake, atahesabu chawa, na iwapo hakuona kupe ataandika kwamba hakuna. Viumbe vya kiota havimo katika hesabu yake, ingawa ndivyo vinavyobaki kisiwani ndege wakiisha kuhama, na ndivyo vitakavyowangoja ndege wengine. Agizo lililoandikwa kwa majina yaliyogawanywa lingemfanya abandue ganda la mti, achukue tope la kiota kikuukuu, na arudi usiku na taa.

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili kwa mifano ya kigeni. Kambi ya wavuvi hujaa katika majira ya samaki, vibanda vikakaribiana, kisha huachwa kwa muda na kukaliwa na wengine. Aliyepata kulala katika kibanda kilichoachwa anajua ya kuwa wenye kibanda hawakwenda wote. Ujuzi huo umo katika majina kunguni na papasi, nao unatosha kumwelewesha mtu maisha ya kijiji cha viota kuliko kurasa kadhaa za maelezo yaliyotafsiriwa.

Iko kazi ya kufanya, nayo ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya wengine. Kihaya na lugha nyingine za pwani na visiwa vya Ziwa Viktoria zina majina yao ya wanyonya-damu, na orodha za maneno zilizokusanywa kwa kawaida huandika jina moja mbele ya tafsiri moja: kupe, chawa, kiroboto. Orodha ya namna hiyo hufuta kipimo cha mahali kabla hakijasomwa. Mkusanyaji amwulizapo mvuvi jina la mdudu, na amwulize maswali manne kwa pamoja: mchana hulala wapi; usiku huonekana wapi; ndege au mtu akiondoka, huenda naye au hubaki; na anayetaka kumwondoa huanzia wapi. Majibu yaandikwe kando ya jina, kwa maneno ya msemaji mwenyewe. Maswali hayo hayahitaji darubini wala fedha nyingi, na majibu yake yatawafaa watu wa kamusi, wafugaji wa kuku na wachunguzi wa ndege kwa kiasi kile kile.